Maneno ya kwanza ya seva

Seva inayogoma kuwaka huwa imeshasema inachougua. Imesema kwenye skrini, kwa maandishi yanayopita mbio, usiku, chumba kimefungwa na hakuna aliye mbele ya kioo. Nimetunza seva zinazoendeshwa na mifumo ya Linux na FreeBSD miaka mingi, na katika mashine zote zilizowahi kukataa kuwaka mikononi mwangu, makosa yenyewe mengi yalikuwa mepesi. Kilichokula muda ni kutafuta ushahidi ulioandikwa mahali usipokaa. Ndiyo maana nikikabidhiwa seva mpya, jambo la kwanza ninaloulizia ni maneno yake ya mwanzo yanaishia wapi.

Huku kwetu swali hilo si la kinadharia. Ofisi niliyokuwa nikiihudumia ina makao Dar es Salaam na matawi mikoani, na kwenye matawi hakuna fundi wa kompyuta. Kuna mhasibu, kuna dada wa mapokezi, kuna mlinzi. Umeme ukikatika, UPS yenye betri zilizochoka inashikilia dakika chache, jenereta inachelewa, seva inaanguka, na umeme ukirudi inajiwasha yenyewe saa tisa za usiku. Toka Dar hadi Mtwara kwa basi ni safari ya kutwa. Huwezi kwenda kusoma skrini kila seva inapoyumba.

Tawi hilo la Mtwara ndilo lililonifungua macho. Asubuhi moja seva yao ya Debian, aina mojawapo ya Linux, haikurudi baada ya umeme kukatika usiku. Nikampigia mlinzi, mzee mmoja mwenye subira ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako inanguruma, lakini watu wanasema haifanyi kazi."

Nilimwomba achomeke skrini na anitumie picha kwa WhatsApp. Picha ilikuja, imetulia, kila herufi inasomeka. Ilisema "You are in emergency mode", yaani hali ya dharura, na chini yake kwamba akaunti ya root, ya msimamizi mkuu, imefungwa kwa hiyo konsoli, mahali pa kuandikia amri, haiwezi kufunguliwa. Yaani mashine imekwama, na hairuhusu mtu aingie kuuliza imekwama kwa nini. Sababu yenyewe ilikuwa imeandikwa mistari mingi juu zaidi, imeshapanda na kutoka nje ya kioo. Zamani ungebonyeza Shift na PageUp ukarudi nyuma kusoma, lakini uwezo huo uliondolewa kwenye konsoli ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, mwaka 2020, toleo la 5.9. Mzee akaniuliza azime awashe. Hatukuwa na njia nyingine, akafanya hivyo, na seva ikawaka kana kwamba haikuwahi kuugua.

Hapo ndipo pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui mpaka liwakute. Niliingia kwa ssh, kupitia mtandao, nikaandika `journalctl --list-boots`, amri inayoorodhesha kila kuwaka kulikohifadhiwa, nikitegemea kuiona ile safari ya kuwaka iliyoshindikana. Haikuwepo. Ilikuwepo ya kabla ya umeme kukatika, na ilikuwepo hii ya sasa, katikati hakuna kitu. Sababu ni kwamba journald, programu inayotunza logi, yaani maandishi ya yanayotokea kwenye mashine, inapoanza huandika kwenye `/run/log/journal`, ambayo iko ndani ya RAM, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa. Inahamia kwenye `/var/log/journal` baada ya folda ya `/var`, inayokaa diskini, kupatikana. Seva hiyo ilikuwa imepangwa `/var` ikae kwenye diski ya pili. Sasa kama diski ya pili ndiyo mgonjwa, na `/var` haikupatikana, taarifa ya ugonjwa imebaki kwenye RAM, na RAM imefutika mzee alipozima. Logi ya kila siku iliyowaka vizuri ilihifadhiwa. Ya siku iliyoshindwa, ambayo ndiyo tuliyoihitaji, ndiyo iliyopotea.

Tangu hapo sikubali tena kwamba kuwa na logi kwenye diski ya mashine kunatosha. Kunatosha kwa makosa yanayotokea baada ya mashine kusimama. Kwa makosa ya kuwaka, lazima msikilizaji awe nje ya mashine.

Lakini kwanza tujue nani anazungumza na lini, kwa sababu wanaozungumza ni wengi na kila mmoja ana mahali pake pa kuandika. Umeme ukiingia, BIOS au UEFI, programu iliyomo kwenye ubao mama, ndiyo ya kwanza: inakagua RAM, inatafuta diski. Inakabidhi kwa GRUB, nayo GRUB inapakia kerneli. Mpaka hapo, yote yaliyosemwa huwezi kuyaona kwenye `dmesg` hata kidogo. Kerneli ikiamka haina faili wala diski ya kuandikia, kwa hiyo maneno yake inayaweka kwenye bafa ya duara, nafasi ya muda ndani ya RAM. Ikijaa, mapya yanafuta ya zamani. Amri ya `dmesg` inasoma bafa hiyo. Ukubwa wake huamuliwa kerneli inapotengenezwa, na 128 au 256 KiB ni vipimo vya kawaida. Kwenye seva yenye prosesa nyingi na safu ya diski, au yenye kifaa kinacholalamika mfululizo, mistari ya mwanzo kabisa inaweza kufutwa kabla hujaingia. Nimekuwa nikiongeza `log_buf_len=4M` kwenye mstari wa kuwashia kerneli; kwa RAM za leo ni tone tu. Baada ya kerneli inafuata systemd, inayoanzisha huduma, na baada yake huduma zenyewe, hifadhidata na seva ya wavuti, ambazo mara nyingi zina faili zao.

Msikilizaji wa nje niliyemchagua ni wa kizamani: mlango wa siriali, unaopitisha maneno biti moja moja kwa waya. Seva nyingi bado zinao, ule wa pini 9 mgongoni. Nilikwenda Mtwara na kebo ya siriali iliyopishanishwa nyaya za kutuma na kupokea, kiunganishi cha USB, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kukaa pembeni ikisikiliza. Kwenye `/etc/default/grub` ya seva niliweka hivi:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT=""
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"
```

Kisha `update-grub`. Mstari wa kwanza unaondoa neno `quiet`, ambalo huja lenyewe na Debian na linaficha karibu kila kitu. Kwenye kompyuta ya mezani sina neno nalo. Kwenye seva ninaliondoa siku ya kwanza, na sijawahi kuona hasara yake.

Mpangilio wa zile `console=` mbili una maana. Kerneli inapeleka maneno yake kote kuwili, ila ile ya mwisho ndiyo inayokuwa `/dev/console`, na huko ndiko systemd inakopeleka taarifa zake za huduma ipi imeanza na ipi imeshindwa. Ukizigeuza, utapata ya kerneli kwenye siriali na ya systemd kwenye kioo kisicho na mtu. Nimeona mafundi wakidhani kebo mbovu, kumbe ni mpangilio huo tu.

Kasi nayo ni ya kuangalia. Siriali ya 115200 inapitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi inabebwa na biti 10. Ukiwa na maneno ya KiB 256 yanapita kwa sekunde kama 23. Ukiiacha kwenye 9600, maneno yaleyale yanachukua zaidi ya dakika nne na nusu, na seva itakuwa inasubiri herufi ziishe ndipo iendelee kuwaka. Anayelalamika kwamba siriali imeichelewesha seva yake, mwulize kwanza kasi.

Kwenye Raspberry Pi niliweka conserver, programu inayoshika mlango wa siriali muda wote, inaandika kila kinachopita na kuweka alama za saa. Unaweza pia kutumia `screen -L` kama huna haja ya mengi, ila hiyo lazima uikumbuke kuianzisha baada ya kifaa chenyewe kuzimika. Na Raspberry Pi hiyo iliwekwa kwenye betri yake. Msikilizaji anayezimika pamoja na seva atachelewa kuamka, na maneno ya mwanzo yatakuwa yameshapita.

Haikuchukua muda mrefu umeme ukakatika tena, na seva ikakwama tena. Safari hii sikumwamsha mzee. Niliingia kwenye kifaa cha pembeni, ambacho kina laini yake ya simu, nikafungua faili, na yote yalikuwa pale toka GRUB:

```
ata2: link is slow to respond, please be patient (ready=0)
ata2: COMRESET failed (errno=-16)
```

Mistari ya namna hiyo ilijirudia, kisha upande wa systemd ukafuata: imesubiri kifaa cha `/var` sekunde 90 bila kukiona, halafu "Dependency failed for /var", halafu hali ya dharura. Kerneli inamwita ata2, diski ya pili, na diski haijibu. Huo ndio ugonjwa. Kabla ya hapo pale ofisini palishakuwa na mawazo ya kubadilisha betri ya UPS, kubadilisha RAM, hata kununua seva nyingine. Fundi mmoja wa mjini Mtwara alifungua mashine nikiwa kwenye simu, akakuta kebo ya SATA ya diski ya pili imekunjwa na kubanwa na ubavu wa kasha. Akaweka nyingine. Diski yenyewe ilikuwa nzima.

Kilichonigusa zaidi nilikiona baadaye, nilipotulia na kusoma logi za safari zilizofanikiwa. Zile zilikuwepo zote kwenye journal, kwa kuwa `/var` ilipatikana. Nilizilinganisha hivi:

```
diff <(journalctl -k -b -5 -o cat) <(journalctl -k -b -o cat)
```

`-k` inachukua maneno ya kerneli pekee, `-o cat` inaondoa tarehe na saa ili tofauti ya kweli ionekane. Nikarudi nyuma safari baada ya safari. Miezi ya mwanzo diski ya pili ilikuwa ikiripoti "SATA link up 6.0 Gbps". Baadaye kukawa na mstari wa "limiting SATA link speed to 3.0 Gbps", na tangu hapo ilikuwa ikiwaka kwa 3.0. Kerneli ilikuwa imeona makosa kwenye kebo, ikapunguza kasi ili iendelee kufanya kazi, na ikasema imepunguza. Seva iliwaka, watumiaji waliingia, hakuna aliyelalamika. Ilitoa taarifa muda mrefu kabla ya kukwama, kwenye logi ya kuwaka salama, ambayo kwa desturi hakuna anayeifungua.

Kwa hiyo logi ya siku njema ninaihifadhi kwa uangalifu uleule. Mashine ikiwa mpya na nzima, ninachukua maneno yake ya kuwaka na kuyaweka mbali, kama kipimo cha afya. Baada ya kila kuwaka, script fupi inalinganisha na kunitumia tofauti. Nyingi ni kelele: namba za anwani, mpangilio wa vifaa unaobadilika. Lakini ndani yake nimewahi kuona RAM iliyopungua kwa sababu kipande kimoja kimelegea kwenye nafasi yake, na kadi ya mtandao iliyoshikana na swichi kwa 100Mbps badala ya 1000. Zote mbili hazikuzuia seva kuwaka.

FreeBSD imelifikiria suala hili mapema zaidi, na ninaisifu kwa hilo. Mashine yetu ya kuhifadhia nakala ilikuwa ya FreeBSD, na kila ikiwaka inaandika maneno ya kerneli kwenye `/var/run/dmesg.boot`, hata baadaye bafa ikijaa na kufutika una nakala ya mwanzo. Ukitumia `dmesg -a` unapata pia yaliyopelekwa konsoli, yaani sauti ya zile script za rc zinazoanzisha huduma. Na kwenye `/etc/syslog.conf` kuna mstari uliofungwa kwa alama ya `#`, wa `console.info`, ukiufungua, ukatengeneza faili `/var/log/console.log` kwa `touch` na kulifunga kwa `chmod 600`, kisha ukaianzisha upya syslogd, programu inayoandika logi, maneno ya konsoli yanaandikwa humo moja kwa moja. Ni kazi ya dakika moja. Zaidi ya hayo, bafa ya kerneli ya FreeBSD mara nyingi hunusurika mashine ikijiwasha upya bila kukatiwa umeme, mradi BIOS haikuifuta RAM, kwa hiyo baada ya kerneli kuanguka unaweza kukuta maneno yake ya mwisho juu ya yale mapya.

Kwa Debian za zamani, kabla ya toleo la 8 la mwaka 2015 kuleta systemd, kulikuwa na bootlogd, iliyokuwa ikinasa yanayokwenda konsoli na kuyaandika `/var/log/boot`. Kama bado unatunza mashine ya umri huo, iweke. Na kama Debian yako ni ya baada ya hapo lakini kabla ya toleo la 11, angalia kwamba folda ya `/var/log/journal` ipo kweli, kwa sababu bila hiyo journal yote iko RAM na `journalctl -b -1` haina cha kukuonyesha. Toleo la 11 liliiweka tayari. Usihofu kuhusu nafasi: kwa kawaida journal haizidi asilimia 10 ya diski, na haivuki GB 4.

Seva isiyo na mlango wa siriali, au iliyo mbali na mahali pa kuweka kifaa cha pembeni, mara nyingi ina kidhibiti chake cha IPMI, cha kuisimamia mashine toka mbali, na toleo la 2.0 la mwaka 2004 linaweza kupitisha siriali juu ya mtandao. Unaiomba kwa `ipmitool -I lanplus ... sol activate`. Kwa kawaida mlango wake ni `ttyS1`, si `ttyS0`, uthibitishe kwenye BIOS. Tahadhari ninayoisisitiza kwa kila fundi: mtandao wa vidhibiti hivi utenganishwe na wa watumiaji, na nywila ya kiwandani ibadilishwe. Anayeishika konsoli anaweza kuigeuza GRUB na kuingia bila kuulizwa kitu. Hii inahusu siriali pia. Kifaa kinachosikiliza kinaweza na kuandika, kwa hiyo kilindwe kama seva yenyewe.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni netconsole. Kerneli inatuma maneno yake mtandaoni kwa njia ya UDP, kwa kawaida kwenda lango la 6666 la mashine nyingine, na huko unasikiliza hata kwa `nc`. Haihitaji kebo. Ila inaanza kusema baada ya kadi ya mtandao kuamka, haibebi sauti ya systemd, na maneno yanasafiri wazi. Kwa kerneli inayoanguka mchana mashine ikiwa kazini, ni nzuri sana. Kwa kosa la kule Mtwara ingetupatia mistari ya ata2 na kutunyima ya `/var`, na bado ingetosha.

Saa nayo ina hila zake. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032, ikifa, na umeme ukikatika, seva inaamka bila kujua leo ni lini. Logi za mwanzo zinakuja na tarehe ya zamani mpaka mtandao urudishe saa sahihi, na mtu anayetafuta tukio la jana usiku hatalipata jana usiku. Hapo ninaacha tarehe na kushika vitu viwili: kitambulisho ambacho journal hukipa kila kuwaka, na sekunde zinazohesabiwa toka kerneli ilipoamka, zinazoonekana kwa `journalctl -b -o short-monotonic`. Sekunde hizo hazijali betri.

Siku hizi baadhi ya mashine zetu zimehamia kwenye seva za kukodi, ambako hakuna kioo, hakuna mlango wa kufungua wala mzee wa kumpigia simu. Siriali ipo hata huko, ya kuigiza. Kwenye Amazon EC2, kwa mfano, unaomba kwa `aws ec2 get-console-output` na unapata hadi KB 64 za mwisho. Lakini utazipata tu kama kerneli yako imeambiwa `console=ttyS0`, na nimekuta taswira za mashine, yaani nakala za kuanzishia mashine mpya, zilizotengenezwa kwa mkono ambazo hazina neno hilo: mashine haiwaki, na ukurasa wa konsoli ni mtupu. Kwa hiyo taswira mpya kwetu haikubaliwi mpaka tuiwashe, tusome konsoli yake toka mstari wa kwanza, kisha tuiharibie `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa, kwa makusudi na kuthibitisha kwamba kosa linasomeka tukiwa nje.